Mdeni wa Busoga, Mdai wa Mbale

Miongoni mwa Wakristo wa Busoga kuna maelezo ya umaskini yaliyozoeleka kiasi kwamba watu wengi hawayahoji tena. Husemwa kwamba nchi ile, kuanzia Jinja penye chanzo cha Naili hadi Iganga na Mayuge, ilijitia laana siku ilipomwaga damu ya Askofu James Hannington, na kwamba njaa, funza na mashamba ya miwa yasiyomnufaisha mkulima ni malipo ya damu hiyo. Wapo waumini wanaokwenda Kyando, mahali alipouawa, kusali sala za toba kwa nia ya kumaliza deni lililobaki. Unyofu wao hauna shaka. Hata hivyo maelezo hayo yanakosea mara mbili, kwanza katika historia, pili katika imani yenyewe inayodaiwa kuyabeba. Kanisa linafundisha kwamba neema humfikia asiyestahili, wala hailipiwi, kabla wala baada. Anayesema Busoga ingali inalipa anasema, bila kukusudia, kwamba msalaba ulilipa nusu. Na ukifuata mambo yaliyotokea kati ya Jinja na Mbale tangu 1885, utaona kwamba fundisho hilo la neema halikuishia mimbarani. Liliingia katika maisha ya watu, likawasamehe baadhi yao wasiotazamiwa, na likawakwaza wengine waliotazamiwa kulipokea kwa urahisi.

Hannington alikuwa Mwingereza wa Sussex, aliyewekwa wakfu mwaka 1884 kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Ikweta ya Mashariki. Mwaka uliofuata aliamua kwenda Buganda kwa njia ya mkato kutoka pwani, akipita nchi ya Wamasai, badala ya njia ndefu ya kusini mwa ziwa. Kwa miguu na afya ya msafiri uamuzi ulikuwa mzuri. Kwa siasa ulikuwa hatari kubwa. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi nyuma ya pwani mwaka huohuo, habari zilikuwa zimefika kwenye baraza la Kabaka, mfalme wa Buganda, na huko yalikuwepo maneno ya zamani kwamba watakaoila nchi watatokea mashariki, upande wa Busoga. Wamisionari waliokuwa Buganda waliiona hatari hiyo wakamwandikia kumwonya, lakini barua haikumfikia. Alipofika Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, aliacha sehemu kubwa ya msafara chini ya William Jones, mchungaji Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa kabla ya kukombolewa, akaendelea mbele na wapagazi wapatao 50. Oktoba 21, 1885 walikuwa mikononi mwa Luba, chifu wa Busoga aliyekuwa chini ya mamlaka ya Buganda.

Luba alimfungia kibandani siku nane huku akingoja neno la Kabaka Mwanga, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20. Shajara ya Hannington ilisalimika, na inaonyesha mtu mwenye homa, katikati ya uchafu na wadudu, akiandika kwa herufi ndogo ndogo. Katika maandishi ya siku ya mwisho anataja fisi aliyelia karibu usiku, kana kwamba amenusa mgonjwa, na jinsi Zaburi ya 30 ilivyomshika asianguke. Siku hiyohiyo, Oktoba 29, alitolewa nje akauawa pamoja na karibu wapagazi wake wote. Waliosalimika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwanzoni mwa 1886 Jones aliurudisha msafara uliobaki hadi Rabai, nyuma ya Mombasa, wakitanguliwa na bendera ya buluu yenye jina Ikabodi, la yule mtoto wa kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli.

Tukio hilo lina wahusika wa ngazi mbili, na hapa ndipo hadithi ya laana inapoanza kupwaya. Luba hakuwa huru kuamua. Kama amri ilitoka Mengo, makao ya Kabaka, kwa nini laana iwaangukie wakulima wa Bunya, eneo la Luba, na isimguse Kabaka wala baraza lake? Wanaoitetea hadithi hii hujibu kwamba mkono uliofanya ndio unaohukumiwa. Basi tuwafuate watu wenyewe tuone yaliyowapata. Mwana wa askofu, Joseph Hannington, alikuja baadaye kufanya kazi ya umisionari palepale Busoga, na ndiye aliyembatiza mwana wa Luba. Mwanga alipinduliwa, akarudi, akaasi, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieri, na alikufa Mkristo mwaka 1903. Mtu aliyetoa amri na ukoo wa aliyeitekeleza, wote wawili walipokewa kwa maji yaleyale. Kanisa halikuwatoza faini, wala halikudai kwanza ng'ombe wa fidia, ingawa sheria za jadi za pande zote mbili zilijua vizuri sana fidia ya damu ni nini. Ikiwa ubatizo una maana yoyote kwa Mkristo, basi kesi ya Kyando ilifungwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na aliyeifunga ni mwenye haki ya kwanza ya kudai.

Sasa, umaskini wa Busoga ulitoka wapi? Historia ina majibu yasiyohitaji mizimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliishambulia pwani ya ziwa, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa Uganda katika miaka michache, wengi wao wakiwa watu wa Busoga na wa visiwa vya Buganda. Katika miaka iliyofuata 1906 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu kutoka ukanda wa ziwa, na nchi iliyokuwa na migomba na vijiji ikarudi kuwa pori. Mwaka 1908 njaa kali iliikumba Busoga. Mkulima aliyehamishwa bila ardhi yake, katika nchi iliyopoteza nguvukazi yake, hahitaji kuambiwa kwamba anateseka kwa sababu ya askofu. Kumwambia hivyo ni kumwongezea mzigo, na pia ni kuwaondolea lawama waliopanga ushuru, bei za pamba na uhamisho. Najua mtu atafungua Kutoka 20 anionyeshe uovu wa baba ukipatilizwa kwa wana. Maandiko hayohayo yana Ezekieli 18, ambako nabii anaikataza methali ya baba aliyekula zabibu mbichi na mtoto akatiwa ganzi la meno, na yana Yohana 9, ambako Yesu anakataa kutafuta dhambi ya wazazi nyuma ya macho ya kipofu. Mkristo hawezi kuisoma sura ya kwanza kana kwamba hizo mbili hazikuandikwa.

Katika eneo lilelile la Luba, miaka 12 baada ya Hannington, ulizuka ugomvi mwingine, na huo ulihusu malipo waziwazi. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Uingereza waliasi. Mishahara yao ilikuwa midogo na ilichelewa, walikuwa wamezungushwa vitani kwa muda mrefu mbali na familia zao, na walipoamriwa kwenda safari nyingine walikataa. Waliiteka ngome ya Luba, wakamuua Meja Thruston pamoja na wenzake wawili. Katika mapigano ya kuirudisha ngome hiyo, Desemba 1897, aliuawa George Pilkington, mwanazuoni wa Cambridge aliyeongoza tafsiri ya Biblia ya Kiganda pamoja na Henry Wright Duta. Huyu ndiye aliyekwenda kisiwa cha Kome Desemba 1893 akiwa amevunjika moyo na kazi yake, akasoma kijitabu cha mhubiri Mtamili kutoka India, akarudi akihubiri kwamba nguvu ya Mungu hupokewa kama zawadi na hainunuliwi kwa bidii. Kutokana na uamsho huo walimu wa Kiganda walitumwa kila upande, Busoga ikiwemo. Mhubiri wa zawadi alikufa katika vita vya watu wanaodai ujira, na hapo mtu anaweza kuuliza swali gumu: je, mahubiri ya neema si njia ya kumnyamazisha mfanyakazi, aridhike na asichopewa? Yangekuwa hivyo kama neema ingechukuliwa kuwa ndiyo namna ya kuendesha hazina ya serikali. Paulo mwenyewe, anapoieleza neema kwa Warumi, anaanza kwa kukubali kwamba anayefanya kazi hulipwa kwa haki na si kwa fadhila, na Yakobo anasema mshahara uliozuiliwa hupiga kelele mbinguni. Askari wale walikuwa na madai ya haki kwa mwajiri wao. Neema inamhusu Mungu na kile ambacho mtu hawezi kumdai, na anayeitumia kufunika deni lake mwenyewe kwa kibarua ameiiba.

Tofauti hiyo kati ya ujira na zawadi haina mfano mkubwa zaidi katika historia ya mashariki ya Uganda kuliko Semei Kakungulu. Alizaliwa Koki katika miaka ya 1860, akapanda katika jumba la Kabaka, akawa Mprotestanti na jemadari hodari kuliko wote wa kizazi chake. Alipigana katika vita vya dini vya Buganda, alishiriki kuwakimbiza Wasudani walioasi, na mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Mwanga na Kabalega kule Lango. Hasimu wake Apolo Kagwa alibaki na ukatikiro, yaani uwaziri mkuu, wa Buganda, kwa hiyo Kakungulu akatafuta nchi yake mwenyewe mashariki. Kwa idhini ya Waingereza, pamoja na maelfu ya wafuasi wa Kiganda, aliisambaza mamlaka yao kutoka Kyoga hadi miguuni mwa Mlima Elgon, akajenga ngome Budaka, akakata barabara, akapanda miti. Aliamini kwamba Sir Harry Johnston alikuwa amemwahidi ufalme wa Bukedi. Kisha maafisa wakamvua madaraka, wakampa maili za mraba 20 katika eneo la Mbale, naye akaanzisha pale mji wa Mbale. Mji nao ulipositawi, serikali ikauchukua. Mwaka 1906 alihamishiwa Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, mwajiriwa wa mshahara juu ya watu ambao hawakuwa wake, hadi 1913.

Ukiwaweka Mwanga na Kakungulu pamoja utaona kitu ambacho Luka 15 ilikwisha kukieleza katika mfano wa mwana mpotevu na kaka yake, na ambacho hakuna mhubiri anayependa kukaa nacho kwa muda mrefu. Yule aliyewachoma wasomaji, yaani Wakristo wa mwanzo wa Buganda, na kuagiza kifo cha askofu aliingia nyumbani, tena mikono mitupu. Yule aliyemkamata, mwanakanisa wa miaka mingi, mtumishi wa kila vita, alibaki nje akihesabu miaka yake. Kakungulu alikuwa mdai. Alikuwa na madai halali dhidi ya Waingereza, waliomtumia kisha wakamwacha, na hilo lisifichwe. Ila mdai huyuhuyu alikuwa mdeni wa watu wengine. Wagwere, Wagisu na Wateso hawakumwita. Majeshi yake yalichukua ng'ombe wao na ardhi yao, na mawakala wa Kiganda aliowaweka juu yao walikumbukwa kwa uchungu kwa miongo mingi. Fundisho la neema linagusa hapo hasa: linamwomba mdai asome pia ukurasa wa madeni yake. Huyo ndiye mtu ambaye neema humwia ngumu, kwa kuwa mwenye hatia anajua kwamba hana cha kulipa, ilhali mwenye sifa huona anapunjwa anapopewa bure kile alichokuwa akikitolea jasho.

Kanisa nalo lilichangia kumpoteza, na hili lisemwe bila kuzungushwa. Wamisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS walifundisha wokovu kuwa zawadi, lakini mlangoni pa ubatizo waliweka mtihani. Mtu alitakiwa ajue kusoma, azipitie Injili, ahojiwe. Sababu zao zilikuwepo. Katika Buganda na nchi zilizotawaliwa na mawakala wake, ubatizo ulikuwa umegeuka cheti cha kupandia cheo, na mlango usio na bawabu ungejaza kanisa watu waliotaka uchifu kuliko Kristo. Pia mafundisho ya kusoma yaliacha faida kubwa. Shule zilizokua kutokana na kazi hiyo, Nabumali chini ya Elgon ikiwa mojawapo, zililea viongozi wa vizazi kadhaa. Lakini mama mzee wa Bugisu, aliyeamini alichosikia na asiyeweza kushika herufi, aliona nini mlangoni pale? Aliona zawadi yenye bei. Mwaka 1914 lilizuka kundi lililojibu swali lake. Joswa Kate, Mugema wa Busiro na mmoja wa wakubwa wa Buganda, pamoja na mwalimu Malaki Musajjakawa, walianzisha dini iliyobatiza papo hapo, bila mtihani wa kusoma. Watu walimiminika kwa makumi ya maelfu, Buganda na mashariki. Umati huo ni ushahidi wa kihistoria usiopuuzika. Kiu ya neema isiyo na masharti ilikuwepo, na kanisa lililoihubiri lilikuwa limeiwekea foleni.

Kakungulu alijiunga na Wamalaki hao. Hata hivyo, nao walioondoa sharti moja waliweka jingine: walikataza dawa na madaktari, wakisema kumtegemea daktari ni kumkana Mungu. Mlango ulifunguliwa kwa asiyejua kusoma, ukafungwa kwa mgonjwa. Hapo inaonekana jinsi moyo wa dini usivyokaa bila kutoza. Kakungulu aliendelea kusoma Agano la Kale peke yake, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi, akajitenga na wafuasi wake miguuni mwa Elgon. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alikufa Novemba 1928, na jumuiya aliyoianzisha, Abayudaya, ingali inaishi Mbale na vijiji vyake, baada ya kuvumilia hata miaka ya Idi Amin ilipopigwa marufuku.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kusema kwamba mdai alikimbilia sheria kwa kuwa sheria hulipa. Wahubiri wengi wangemaliza hivyo, na wangewakosea haki Abayudaya. Torati inaanza Amri Kumi kwa kumtaja Mungu aliyekwisha kuwatoa watu Misri. Ukombozi umetangulia, amri imefuata, na mpangilio huo ndio uleule ambao Paulo anauita neema. Abayudaya walioshika Sabato kwa siri wakati wa Amin hawakuwa wakifanya hesabu za malipo. Walikuwa wakimshukuru Mungu waliyeamini kwamba amewashika kwanza. Hoja dhidi ya Kakungulu, ikiwa ipo, inahusu ile miaka aliyokuwa bado Mkristo, pale alipoitazama neema akaona imewapa wengine ufalme alioutolea jasho. Alichokipata baadaye katika Torati ni jambo kati yake na Mungu, na matunda yake yameonekana kuwa ya kudumu kuliko ngome zake zote.

Pingamizi kongwe kuliko yote bado lipo: neema ikitolewa bure, nani atajisumbua kuwa mwema? Uganda ilipata jibu lake katika miaka ya 1930, uamsho wa Balokole ulipotoka Rwanda na kuenea kupitia kwa watu kama Simeoni Nsibambi na Joe Church. Mafundisho yao hayakuwa na mtihani wala ada. Waliita watu waje kama walivyo. Na watu hao, baada ya kuambiwa kwamba hawadaiwi kitu, walianza kurudisha vitu walivyoiba, kukiri kwa waajiri wao na kulipa kodi walizokwepa. Walilipa kwa sababu walikuwa wamekwisha kusamehewa, wala hawakulipa ili wasamehewe. Balokole nao walikuwa na ukali wao, na hukumu zao kwa ndugu wasiojiunga na uamsho ziliwajeruhi wengi. Lakini kwa swali hili mahususi ushahidi wao unatosha. Aliyepokea bure alikuwa mwepesi wa kurudisha kuliko aliyetozwa.

Linabaki pingamizi moja ambalo haliondoki kirahisi, nalo linawahusu wasomaji wa pwani kuliko wengine. Joseph Hannington alikuwa na haki ya kusamehe damu ya baba yake. Je, alikuwa na haki ya kusamehe damu ya wapagazi? Wake na wazazi waliobaki pwani na Rabai, waliomwona Jones akirudi na bendera yake, hawakualikwa kwenye ubatizo ule, na bila shaka si wote waliouawa walikuwa Wakristo. Kalenda ya kanisa huwakumbuka kwa neno moja tu, wenzake. Mtu hawezi kusamehe deni la mwenzake, na aliyebatiza hakudai kufanya hivyo. Ubatizo si risiti ambayo mwana wa askofu aliiandika kwa niaba ya wote. Ni madai ya kanisa kwamba Mungu mwenyewe, ambaye kila mauaji humkosea yeye kwanza, amempokea aliyekosa. Lakini madai hayo yakiwa kweli kwa ukoo wa Luba na kwa Mwanga, ni kweli pia kwa mpagazi aliyebeba mzigo wa askofu kutoka pwani akafa kwa ugomvi usiomhusu, asiye na kaburi kama lile ambalo Hannington alichimbiwa Namirembe mwaka 1892. Sala za Oktoba 29 zina kazi ya kutosha bila kumwomba Mungu aondoe laana ambayo hakuiweka. Waliokufa Kyando walikuwa karibu 50. Mmoja tu ndiye anayetajwa kwa jina.